Jinsi ya kuusoma mkoa kijiografia, ardhi na watu wake: mwongozo kamili kwa mfano wa Kilimanjaro

Malalamiko ni yale yale kila msimu wa kazi za mradi. Mwanafunzi amekusanya kila kitu: milima, mito, wilaya, makabila, mazao, vivutio vya utalii. Kurasa ishirini, picha za rangi, jalada zuri. Kazi inarudi na maandishi mekundu: "Hakuna uchambuzi."

Tatizo si uvivu. Ni mpangilio. Sura ya kwanza inaeleza ardhi, sura ya pili inaeleza watu, na hizo mbili hazikutani popote. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzikutanisha kwa kutumia mstari mmoja unaochorwa kutoka mlimani hadi tambarare. Mfano wetu ni Mkoa wa Kilimanjaro, lakini hatua hizi zitafanya kazi kwenye kaunti ya Kenya au jimbo la Kongo pia.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Ramani za kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) za skeli ya 1:50,000 zinazofunika eneo lako. Kwa Tanzania, ulizia ofisi za upimaji na ramani za serikali au maktaba ya chuo.
- Ramani moja ndogo ya mkoa mzima, yenye mipaka ya wilaya na kata.
- Karatasi za grafu, rula, penseli nyeusi, penseli za rangi, kifutio, na ukanda mrefu wa karatasi nyeupe.
- Takwimu za Sensa ya 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hadi ngazi ya kata.
- Takwimu za mvua na joto kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, vituo visivyopungua vitatu vyenye miinuko tofauti.
- Simu yenye GPS, na kompyuta yenye Google Earth kama unaweza kuipata.
- Daftari gumu la uwandani, lisiloharibika upesi kwa mvua.

Ukikosa kompyuta, endelea tu. Ukikosa ramani ya kontua, simama uitafute kwanza, kwa sababu hatua ya tatu haiwezekani bila kujua miinuko.

## Hatua ya 1: Andika swali moja

"Jiografia ya Mkoa wa Kilimanjaro" ni kichwa cha habari tu. Swali ni hili: kwa nini watu wamebanana kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya mlima, wakati chini yake kuna tambarare pana zenye nyumba chache?

Swali la namna hii linakulazimisha kutaja ardhi na watu katika sentensi moja. Pia linakuambia kipi cha kuacha. Orodha ya shule za sekondari za wilaya haijibu swali hili, basi haina kazi kwako hata kama umeipata kwa jasho.

Jipime hivi: kama swali lako linaweza kujibiwa kwa orodha, liandike upya.

## Hatua ya 2: Chora mifupa ya mkoa

Chukua karatasi tupu. Chora mpaka wa mkoa kwa mkono, bila kujali uzuri, kisha weka vitu vinne tu: milima, mabonde, maziwa na mito mikubwa.

Kwa Kilimanjaro utapata kitu ambacho wengi hukipita bila kukitazama. Mkoa huu una milima ya aina mbili. Kaskazini kuna volkano yenye vilele vitatu: Kibo (mita 5,895), Mawenzi (mita 5,149) na Shira iliyobomoka. Kusini-mashariki, katika wilaya za Mwanga na Same, kuna Milima ya Upare, ambayo haikutokana na volkano. Ni miamba mikongwe iliyonyanyuliwa kati ya mipasuko ya ardhi, na kilele chake kirefu, Shengena, hakifiki mita 2,500.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu udongo wa volkano na udongo wa miamba ya kale havilishi watu kwa namna moja, na maji hayapiti ndani yake kwa namna moja. Ukiandika tu "mkoa una milima mingi", umeifuta tofauti hiyo.

Sasa ongeza Ziwa Chala na Ziwa Jipe, yote mawili yakigawanywa na mpaka wa Kenya. Ongeza mito Kikuletwa na Ruvu inayoingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na Mto Pangani unaotoka hapo kuelekea Bahari ya Hindi. Umemaliza. Mchoro huu usikuchukue zaidi ya nusu saa.

## Hatua ya 3: Chora mkato kutoka Kibo hadi TPC

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Mkato ni mchoro unaoonyesha ardhi kana kwamba umeikata kwa kisu na kuitazama kwa ubavu. Mstari wetu unaanzia kilele cha Kibo, unashuka kupitia Kibosho na Moshi mjini, na kuishia mashamba ya miwa ya TPC huko Arusha Chini. Bahati nzuri mstari huu unakwenda karibu moja kwa moja kusini, na urefu wake ni kama kilomita 45.

Chagua skeli. Kwa mlalo, sentimita 1 iwe kilomita 2.5. Mchoro utakuwa na upana wa sentimita 18 hivi, unaotosha kwenye karatasi ya kawaida ya grafu ukiilaza. Kwa wima, sentimita 1 iwe mita 500, ukianzia mita 500 chini hadi mita 6,000 juu.

Soma miinuko. Laza ukanda wa karatasi kwenye ramani, kando yake ikigusa mstari wako. Kila kontua nene inapokutana na ukanda, weka alama ndogo na uandike mwinuko wake. Angalia kwanza pembeni mwa ramani kama kontua ziko kwa mita au kwa futi, maana ramani za zamani zina futi na kosa hilo likishaingia huharibu mchoro mzima.

Hamisha. Kwenye ramani ya 1:50,000, kilomita 2.5 ni sentimita 5. Kila sentimita 5 za ukanda zitakuwa sentimita 1 kwenye grafu. Weka nukta, kisha ziunganishe kwa mkono mlegevu, si kwa rula.

Wenye Google Earth wanaweza kuchora njia na kutazama mwinuko wake kwenye kioo. Tahadhari: programu hiyo hunyoosha wima kadiri inavyotaka ili mchoro ujae kioo. Chukua namba zake, usinakili umbo lake.

Andika ukuzaji wa wima. Gawanya skeli: 250,000 kwa 50,000, jibu ni 5. Maana yake mchoro wako unaonyesha mlima ukiwa mkali mara tano kuliko ulivyo. Iandike chini ya mchoro. Bila hiyo msomaji atadhani wakulima wa Kibosho wanalima kwenye ukuta.

Ukifanikiwa, mstari utaanza karibu bapa kutoka TPC (kama mita 700) hadi Moshi mjini (mita 800 na ushei), utapinda taratibu kwenye ukanda wa migomba, kisha utasimama wima unapokaribia Kibo. Kama mstari wako umepanda sawasawa kama paa la nyumba, umeruka kontua. Rudi kwenye ukanda.

## Hatua ya 4: Vika mkato mvua na joto

Juu ya mkato, ongeza mistari miwili ya rangi: mwekundu wa joto na wa buluu wa mvua.

Joto ni rahisi. Kwa wastani hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Kutoka Moshi mjini hadi kijiji kilicho mita 1,400 unapoteza zaidi ya nyuzi 3, na hizo ndizo zinazoifanya kahawa ya arabika istawi kule juu.

Mvua ndiyo inayowaangusha wengi. Wanadhani huongezeka hadi kileleni. Sivyo. TPC hupata kama milimita 500 kwa mwaka. Moshi mjini hupata zaidi, lakini haifiki 1,000. Katika msitu wa mteremko wa kusini, kwenye mita 2,000 na kitu, mvua huzidi milimita 2,000. Kutoka hapo inashuka tena, na Kibo kileleni ni jangwa la baridi. Mstari wa buluu lazima uwe na nundu katikati.

Sababu ni pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hasa za masika, Machi hadi Mei. Zinagonga mteremko wa kusini, zinapanda, zinapoa na kumwaga mvua msituni. Zikivuka kwenda kaskazini na magharibi zimeshakauka. Ndiyo sababu Siha ya chini na pande za Longido ni za malisho zaidi kuliko migomba.

Tahadhari: usitumie mvua ya mwaka mmoja ukaiita tabianchi. Tafuta wastani wa miaka 30, au angalau utaje miaka uliyotumia.

## Hatua ya 5: Fuata maji, usiishie kuyataja

Orodha ya mito haisemi kitu. Uliza kila mto au chemchemi maswali matatu: maji yametoka wapi, yanatokeza wapi, nani anayatumia njiani?

Kosa moja hurudiwa hata kwenye kazi za vyuo: kwamba barafu ya Kibo ndiyo inayolisha mito ya Kilimanjaro. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na ingekuwa ndiyo chanzo kikuu, mito ingekuwa imekufa nayo. Mchango wake ni mdogo sana. Chanzo ni ule ukanda wa msitu wenye nundu ya mvua. Ukiuelewa mkato wako, utalijua hili bila kuambiwa, na utaelewa kwa nini kukata msitu kunatisha kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Sehemu ya mvua hiyo hunywea kwenye miamba ya volkano yenye vitundu, husafiri chini ya ardhi, na kutokeza tambarare. Chemchemi za Miwaleni karibu na Kahe, na zile za Chemka upande wa Hai, ni maji ya mlima yaliyotokeza mahali pakavu. Hapo ndipo unapata jibu la fumbo linaloonekana kwenye mkato: inakuwaje eneo lenye milimita 500 za mvua lina miwa inayokwenda hadi macho yanapoishia, na majaruba ya mpunga kule Mabogini na Chekereni? Mvua yake imenyesha kwingine.

Kwenye mteremko, tia mifongo kwenye mchoro. Mfongo ni mfereji unaochepusha maji kutoka juu ya kijito na kuyapitisha ubavuni mwa kilima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia ya migomba na kahawa, bila pampu. Upareni utakuta ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili yatumike mchana kwa zamu. Mfongo au ndiva ni jiografia ya ardhi na ya watu kwa pamoja: mteremko unatoa nguvu, watu wanatoa sheria za zamu. Kitu kama hicho kikiwepo mkoani kwako, kipe ukurasa mzima.

## Hatua ya 6: Weka watu, kwa kata

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa na watu 1,861,934. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 13,250. Gawanya: watu 140 kwa kilomita ya mraba. Namba ni sahihi, lakini haifanani na mahali popote mkoani.

Kwanza, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro pekee ina zaidi ya kilomita za mraba 1,600 zisizo na makazi. Iondoe, wastani unapanda hadi karibu 160. Kisha kuna Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na tambarare kavu za Same na Mwanga. Ukishaondoa yote hayo, utaona jinsi vihamba vilivyobeba mzigo.

Kwa hiyo achana na wastani wa mkoa, na hata wa wilaya. Wilaya ya Moshi inaanzia tambarare na kupanda hadi msituni, na wastani wake unachanganya vitu visivyochanganyika. Tumia kata. Chora ramani ya nukta, nukta moja kwa watu 2,000; utahitaji nukta 930 hivi kwa mkoa mzima. Kazi inachosha, ila mkono unapoweka nukta ya mia tatu kwenye ukanda ule ule mwembamba, unaelewa msongamano kuliko jedwali lolote.

Tahadhari: usitawanye nukta sawasawa ndani ya kata. Kata nyingi za juu zinapakana na msitu. Nukta zifuate nyumba.

Linganisha pia na sensa ya 2012, iliyohesabu watu 1,640,087. Ongezeko ni kama asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2. Namba hii ndogo inahitaji maelezo, na maelezo yake yako kwenye kihamba. Ingia kwenye kimoja: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini kabisa, mringaringa ukitoa kivuli, ng'ombe wawili zizini wakila majani yaliyobebwa kutoka mbali. Kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, mpaka kilichobaki hakitoshi nyumba ya mtoto wa mwisho. Vijana wanaondoka kwenda Dar es Salaam, Arusha, Morogoro, popote. Familia nazo zinazaa watoto wachache kuliko zamani. Desemba wanarudi, na barabara ya Moshi inajaa, lakini sensa huhesabiwa Agosti.

## Hatua ya 7: Eleza miji na barabara

Pita haraka hapa. Kwa kila mji, andika sentensi moja inayoanza na "uko hapa kwa sababu".

Moshi uko pale mteremko unapokutana na tambarare, ambapo kahawa ilishuka kukutana na reli ya kutoka Tanga. Himo iko kwenye njia panda ya Dar es Salaam, Marangu na Rombo, na Holili mpakani. Same iko njiani, upande mkavu wa Milima ya Upare, na tangawizi ya Mamba inashuka kutoka juu kutafuta lori. Mji usioweza kuupa sababu, urudie kwenye ramani.

## Hatua ya 8: Tembea kwenye mstari

Si lazima uufuate wote. Chagua vituo vitano: tambarare, mjini, mwanzo wa vihamba, katikati ya vihamba, na ukingo wa msitu. Kila kituo andika mwinuko, rangi ya udongo, mazao, aina ya nyumba, na chanzo cha maji.

Anza kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na barua ya shule au chuo. Usiingie msituni, ni sehemu ya hifadhi na inahitaji kibali. Masika njia za juu huteleza vibaya, kwa hiyo nenda kati ya Juni na Septemba.

Mazungumzo yana adabu yake. "Shikamoo mzee" kwanza, habari za nyumbani, jina lako na unakotoka, kisha swali. Na swali liwe dogo. Ukiuliza "Changamoto za kilimo ni zipi?" utapewa jibu alilolisikia mkutanoni. Uliza "Mfongo huu zamu yako ni siku gani? Zamani ilikuwaje?" utasimuliwa jinsi maji yalivyopungua, nani anagombana na nani, na shamba lipi limeachwa.

## Hatua ya 9: Andika kwa kufuata mstari

Usiandike sura ya hali ya hewa, kisha sura ya watu. Andika ukipanda: tambarare, mteremko wa chini, vihamba, msitu. Katika kila ukanda, ardhi na watu waingie aya moja.

Linganisha sentensi hizi:

*"Mkoa una mvua za kutosha na udongo wenye rutuba, na wakazi wake ni wakulima wa kahawa na ndizi."*

*"Kati ya mita 1,100 na 1,800 mvua inatosha, joto limepoa na udongo ni wa volkano, hivyo kihamba kidogo kinaweza kulisha familia, ndiyo sababu watu walibaki hapo hadi ardhi ikawaishia."*

Ya pili inaweza kukosolewa, kuthibitishwa au kupingwa. Huo ndio uchambuzi mwalimu anaoutafuta.

Halafu tafuta mahali ambapo asili haielezi. Rombo ina mito michache ya kudumu, ilhali imejaa watu. Magharibi mwa mlima, Siha, kuna ardhi nzuri yenye mashamba makubwa na watu wachache. Mvua peke yake haitakupa jibu. Siha utaelekezwa kwa walowezi waliotwaa ardhi wakati wa ukoloni na mashamba hayo kubaki makubwa baada ya uhuru. Aya mbili juu ya jambo hili zina thamani kuliko kurasa tano za vivutio.

## Ukaguzi wa mwisho

Mpe mkato wako mtu asiyewahi kufika Kilimanjaro, bila maelezo yoyote, umuulize: mvua nyingi iko wapi, watu wengi wako wapi, na maji ya miwa yanatoka wapi?

Akishindwa la kwanza, rudi hatua ya 4. La pili, hujahamisha nukta zako kwenye mkato. Ziweke kama vijumba vidogo juu ya mstari. La tatu likimshinda, ongeza mishale ya maji chini ya ardhi, kutoka msituni hadi chemchemi. Akiyajibu yote matatu, funga kazi uipeleke.